Sifa za Foleni ya Tunduma

Nataka kuisifu foleni ya malori ya Tunduma, na naisifu kwa moyo mweupe. Najua wanaoilaani ni wengi. Mwenye kontena anailaani kwa sababu kila siku ya ziada anadaiwa dola. Mwenye lori anailaani kwa sababu gari lililosimama haliingizi kitu. Wachumi wanailaani kwa majedwali, na mawaziri wa biashara wa ukanda huu kila wakikutana huazimia kuiondoa. Wote wana haki. Ila sijasikia mtu akikaa kitako akaeleza foleni hii imetufanyia nini, na jambo lililodumu miaka mingi hivi, mbele ya macho ya watu wengi hivi, halikosi kuwa na faida yake. Faida hiyo ndiyo nitakayoisema, na nitamtaja pia anayeilipia.

Tunduma ipo mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini. Ukivuka geti uko Nakonde, Zambia, na saa ya mkononi unairudisha nyuma kwa saa moja. Malori yanayokwenda hubeba mafuta, mbolea, magari yaliyotumika, mitambo ya migodini, na salfa, ile ya njano ambayo migodi ya Kongo huigeuza tindikali ya kutolea shaba kwenye mawe. Yanayorudi hubeba shaba yenyewe, mabamba juu ya mabamba, na kobalti, kutoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Betri ya simu ya mtu aliyeko Berlin au Shanghai huenda kobalti yake ililala Tunduma ikisubiri mhuri. Siku zikiwa mbaya, mkia wa foleni unapita mizani ya Mpemba, na dereva anayefika usiku huzima injini bila kuuliza, kwa sababu taa nyekundu za trela zilizo mbele yake zimeshamjibu.

Foleni hii si mtoto wa juzi. Kabla ya lami, na kabla Mjerumani na Mwingereza hawajachora mpaka, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilisimama Ugogo. Ikishavuka nyika kavu ya Marenga Mkali ilifika kwa watemi wa Wagogo, na hapo mizigo ikatuliwa, vitambaa, shanga na nyaya zikahesabiwa, mazungumzo ya hongo, yaani ushuru wa kupita, yakaanza. Yalichukua siku. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley, aliyepita mwaka 1871, walilalamika sana katika vitabu vyao. Wao waliona unyang'anyi. Mgogo aliona jambo jingine: mamia ya watu wanaingia katika nchi yenye visima vichache, wanakunywa maji, wananunua mtama, wanaondoka. Alitaka kujua hawa ni kina nani, wamebeba nini, na nchi yake itabaki na nini wakishapita. Maswali hayo matatu ndiyo anayoulizwa dereva leo kwenye dirisha la forodha. Ni maswali mazuri. Nchi inayoacha kuyauliza imekuwa uchochoro wa watu wengine kupitia.

Kisha ikaja siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi katika Rhodesia. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kupata uhuru wake, na sehemu kubwa ya mafuta na shaba yake ilipita kusini, katika reli iliyokatiza nchi ya utawala huo. Malori yakageuzwa kuelekea Dar es Salaam, kwa barabara ambayo wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na ambayo madereva wa Kizungu waliipa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Lori lililosimama Tunduma miaka ile lilikuwa lori lililokataa kupita Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mstari huu wa malori ni alama ya uzembe wa Mwafrika namwomba aanzie hapo: uliwekwa na nchi mbili maskini zilizochagua njia ndefu na ngumu kuliko kupiga magoti kwa ubaguzi. Ukoo wa foleni hii ni wa heshima.

Wengi hudhani lori linachelewa kwa sababu kuna afisa kalala. Maafisa wanaolala wapo, kama walivyo katika kila kazi, lakini hata wote wakiwa macho foleni itakuwapo, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ikabaki katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia imo COMESA na SADC, lakini haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo imo katika zote tatu tangu ilipoingia Jumuiya mwaka 2022. Maana yake ni kwamba shaba ya Kolwezi, inayotoka katika nchi ya Jumuiya kwenda kwenye bandari ya Jumuiya, inalazimika kutoka nje ya Jumuiya, ikatize Zambia, halafu iingie ndani upya. Kila nchi ina mfumo wake wa kompyuta, dhamana yake, na orodha yake ya vibali. Mizigo ya aina moja huwekwa njia ya kijani ikapita, ya aina nyingine njia ya njano karatasi zikasomwa, na ile iliyoangukia njia nyekundu inafunguliwa milango na kukaguliwa kitu kwa kitu.

Dereva anaitembeza mikataba hiyo yote kwenye bahasha moja ya khaki. Ndani yake mna T1 ya mzigo unaopita, mna nakala za ankara, mna Kadi ya Njano ya COMESA kwa ajili ya bima, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ingawa COMESA yenyewe ilikwisha kuiaga. Bahasha ikifika mezani kwa wakala wa kugomboa mizigo, karatasi zinaanza kugombana. Uzito ulioandikwa bandarini haulingani na wa mizani. Jina la mpokeaji limepungua herufi moja. Malipo yamefanyika Lusaka lakini mtandao uko chini, Nakonde hawayaoni. Bondi, yaani dhamana ya kodi, ya safari iliyopita haijafutwa, kwa hiyo ya safari hii haifunguki. Mwanzoni mwa Julai kuna zaidi: Zambia wana Siku ya Mashujaa na Siku ya Umoja, Jumatatu na Jumanne zinazofuatana, na Tanzania ina Sabasaba yake, kwa hiyo benki za huku zikifunguliwa za kule zimefungwa.

Hapa ndipo sifa ya kwanza kubwa ya foleni inapoonekana. Marais wakitia saini mkataba wa biashara huru, tunaambiwa milango imefunguliwa, na hakuna mwananchi mwenye njia ya kupima kama ni kweli. Tunduma ina njia hiyo. Mkataba ukifanya kazi, mkia unarudi nyuma kutoka Mpemba. Usipofanya kazi, mkia unakua, na hakuna msemaji wa wizara anayeweza kuuficha kwa sababu unaonekana kwa macho, kilomita kwa kilomita, na kila abiria wa basi la Mbeya anaupita. Sijui ripoti nyingine ya serikali iliyo wazi kiasi hicho.

Na foleni huwaita wakubwa mezani kuliko barua. Agosti 2024 Kongo ilizuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia nayo ikafunga mpaka wa Kasumbalesa na vituo vya jirani. Siku chache tu zikatosha. Malori ya shaba yalipoanza kujipanga, mawaziri waliokuwa hawasikilizani walikaa pamoja na geti likafunguliwa. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, kujibu marufuku walizoziweka wao kwa mazao yetu, na kabla mwezi haujaisha mawasiliano yalikuwa yameanza na zuio likaondolewa. Mkulima wa ndizi wa Rungwe hana namba ya simu ya waziri wa nchi jirani. Lori la ndizi zake likikwama Kasumulu, mpakani mwa Malawi, limemfikishia ujumbe.

Sasa niseme la ukaguzi, maana hapa ndipo roho yangu ilipo.

Mwezi Mei 2015 maafisa wa Singapore walifungua makontena mawili yaliyotoka Kenya yakielekea Vietnam. Hati zilisema ni majani ya chai. Ndani ya magunia ya chai walikuta vipande 1,783 vya pembe za ndovu, uzito wa tani 3.7 hivi, pamoja na pembe za kifaru na meno ya wanyama wakali. Mzigo ule ulikuwa umeshapita bandari ya Kenya salama salimini, bila kuchelewa. Hakuna aliyelalamika siku ulipopita. Hakuna mwekezaji aliyeandika barua, hakuna jedwali lililoonyesha hasara. Takwimu za kasi ya bandari, ikiwa zilihesabu makontena yale, ziliyahesabu kuwa mafanikio. Nikisikia leo watu wakitaka kila kontena lipite mbio, nawaza wale tembo, na namheshimu yule afisa wa mbali aliyesema subirini kidogo, fungueni.

Mahindi ni habari nzito zaidi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Walikufa kwa ugali. Mahindi yenyewe hayakutoka ng'ambo. Yalikuwa yamelimwa humo humo, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, yakauzwa sokoni kutoka mkono hadi mkono. Hayakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hakuna mahali popote yaliposimamishwa na kupimwa. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki mpaka ndio mahali pekee ambapo mtu mwenye kifaa huingiza mkono ndani ya gunia la chakula chao kabla hakijafika jikoni. Kiwango cha Jumuiya kwa sumukuvu yote katika mahindi ni sehemu 10 kwa kila bilioni. Huwezi kukiona kwa jicho, huwezi kukinusa, na kukipima kunataka sampuli, maabara na muda. Muda huo ndio tunaouita kuchelewa.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, ghafla, yakiwa yameshapakiwa na yako njiani. Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ikajaa malori. Baada ya siku chache zuio lililegezwa, kwa masharti ya waagizaji kusajiliwa na kila shehena kuwa na cheti cha kuonyesha iko chini ya kiwango. Namna ile ya kuamka na kufunga geti ilikuwa mbaya, na wafanyabiashara wadogo waliumia. Lakini masharti yaliyobaki nyuma yake ni mazuri, na yangepaswa kuwapo miaka mingi kabla. Wafanyabiashara waliokuwa wakipakia mahindi mabichi kwa kutegemea kwamba hakuna atakayeangalia waliambiwa mpakani waanike kwanza. Ushauri ule ule walikuwa wamepewa na mabwana shamba kwa miongo bila kusikilizwa.

Kuna pia mzigo unaoandikiwa Kongo na usifike Kongo. Mafuta yanatoka bandarini bila kodi kwa kuwa ni ya nchi jirani, halafu yanashushwa njiani, yanauzwa katika vituo vya ndani, na kinachoibiwa hapo ni dawa za zahanati na madawati ya shule. Tanzania ilianza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010 kwa ajili ya ujanja huo. Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza mwaka 2017 kufuatilia mizigo ya pamoja kwa lakiri za kielektroniki zinazopiga kelele gari likiacha njia. Ni vifaa vizuri. Hata hivyo, mwisho wa safari lazima awepo mtu wa kuthibitisha kwamba lori lililofika ndilo lililoondoka, na kwamba bado limejaa. Anayelisimamisha lori hilo kwa nusu saa kugonga tangi na kusoma lakiri anafanya kazi ya daktari wa nchi, nami namtakia mshahara mzuri.

Mji wenyewe wa Tunduma ni zao la kusubiri. Makao makuu ya Mkoa wa Songwe ni Vwawa, ambako ziko ofisi, lakini watu wako Tunduma, na waliletwa na malori yaliyosimama. Lori linalopita bila kusimama huacha moshi tu. Lililosimama linataka maji ya kuoga, mchele, kuku, kiraka cha tairi, welda, vocha, kwacha kwa shilingi, fundi wa friji za mizigo, kinyozi. Wanawake ndio walioijenga biashara hii kwa mikono yao. Mama ntilie wa maegesho anaanza kuchemsha chai alfajiri na kufunga usiku mkubwa, na ana daftari. Dereva aliyeishiwa posho anamwambia, "Mama, niandikie, nitakulipa nikirudi kutoka Kolwezi," naye anaandika. Dhamana yake ni namba ya gari na sura ya mtu. Wengi hulipa, kwa sababu watapita tena na watasimama tena. Kwa daftari hilo watoto wamesoma hadi chuo kikuu. Hiyo ni huduma ya fedha inayofanya kazi vizuri kuliko miradi mingi iliyozinduliwa kwa ngoma, na nasema hivyo kwa heshima yote ya miradi.

Na Kiswahili. Tunajivunia Julai 7, siku ya Kiswahili duniani, na tunawapongeza wasomi na UNESCO, na wanastahili. Dereva hatajwi. Katika maegesho ya Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa hulala Mtanzania, Mkenya, Mzambia, Mkongomani, Mzimbabwe, wakati mwingine na Mwafrika Kusini, na ugali hauombwi kwa ishara siku nne mfululizo. Siku ya kwanza mgeni ananyoosha kidole. Siku ya tatu anajua bei, anajua kusalimia, anamwita mwuzaji dada. Wa Lubumbashi anakuja na Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, wa Mombasa anakuja na chake, wanatoleana makosa, wanacheka, wanaelewana. Lugha inataka watu wawili wakae mahali pamoja wakiwa hawana pa kwenda, na forodha imetupatia mahali hapo kwa zaidi ya nusu karne. Nakonde ni Zambia, lakini ukiuliza njia kwa Kiswahili utajibiwa.

Faida hizi zote zinalipiwa na dereva. Posho ya safari kwa kawaida hupigwa kwa safari, haipigwi kwa siku, kwa hiyo kila siku ya kukaa foleni anaitoa mfukoni mwake, na nyumbani wanaona tu kwamba baba mwezi huu ametuma kidogo. Analala ndani ya kebini, jicho moja wazi, kwa sababu wapo wanaokuja usiku kunyonya dizeli na kukata turubai, na kikipungua kitu atakatwa yeye. Analala nyuma ya gari la mafuta na mbele ya gari jingine la mafuta, katika barabara ambayo watu wanapika kwa mkaa. Haja anaipeleka porini. Miaka ya 1980 na 1990, virusi vya UKIMWI viliposambaa kwa barabara hizi, yeye ndiye aliyebebeshwa lawama, na ni wachache waliouliza kwa nini mtu huyu anaachwa wiki nzima mbali na mkewe pasipo na kitanda wala zahanati.

Mwaka 2020 tulimtenda vibaya tena. Mwezi Mei Zambia ilifunga Nakonde kwa siku kadhaa baada ya maambukizi mengi ya korona kugunduliwa mjini hapo. Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, madereva walipangwa barabarani kilomita nyingi wakisubiri majibu ya vipimo, na katika taarifa za kila siku walihesabiwa kando, kama watu wasio wa nchi yoyote. Vijiji viliwakwepa. Wakati huo huo wao ndio waliokuwa wakileta dawa, unga na mafuta ya nchi zilizojifungia ndani. Januari 2022 walipoona bado wanalipishwa vipimo Malaba, walisimamisha magari. Bei ya petroli Uganda ikaruka, na masharti yakalegezwa. Siku hizo chache Afrika Mashariki iliona uzito wa mtu ambaye kila siku anapitwa na mabasi bila kutazamwa.

Kwa hiyo ninapoisifu foleni sisemi iachwe ilivyo. Zipo aina mbili za kuchelewa, na tumezichanganya. Moja ni kuchelewa kwa kuangalia: kupima mahindi, kufungua kontena lenye shaka, kusoma lakiri, kumhoji mtu aliyebeba watoto wasio wake. Hiyo ina thamani na ningependa tuilinde. Nyingine ni kuchelewa ambako hakuna anayeangalia chochote: mtandao uko chini, mwenye mhuri kaenda kula, karatasi iliyokwisha kukaguliwa upande huu inakaguliwa upya upande wa pili, na mtu mwenye kiwashio cha geti anasubiri mkono wa dereva uingie mfukoni. Hiyo haina mtetezi, hata mimi. Vituo vya huduma kwa pamoja vilianzishwa kuiua. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ilianza mwaka 2009 na kuwa ya kwanza Afrika. Kisha zikazinduliwa Rusumo, mpakani mwa Rwanda, mwaka 2016, Namanga 2018, Tunduma na Nakonde 2019. Gari linasimama mara moja, upande linaoingia, na maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Pale umeme na mtandao vinapokuwapo, mpango huu unafanya kazi vizuri. Lakini mizigo ya Kongo imeongezeka kupita majengo, na foleni ingalipo.

Basi wanaopanga kuiondoa wasiondoe na vitu vilivyoota juu yake. Maegesho mapya yakichorwa, mama ntilie apewe kibanda ndani ya uzio, wala asifukuzwe kama uchafu siku ya uzinduzi. Maabara ya sumukuvu iwekwe mpakani penyewe, yenye mtu wa zamu usiku, ili jibu la gunia litoke siku ile ile. Vyoo, mabomba ya maji na zahanati vijengwe kabla ya ofisi ya meneja. Zambia na Kongo zikae na sisi tuwe na bondi moja kutoka bandarini hadi mgodini, kwa sababu shaba ni moja na barabara ni moja.

Na wewe mwenye mzigo au mwenye magari, unayeilaani foleni kila mwisho wa mwezi ukiangalia hesabu, hakuna mkataba wa kimataifa unaokuzuia kumlipa dereva wako siku anazokusubiria. Ziandike kwenye mkataba wake kabla gari halijatoka Dar es Salaam.